Memori kadi ya mtandaoni imekuchezea? Jua pesa yako inarudi vipi, na wapi hairudi

Jumatatu moja asubuhi mteja wetu wa Nyeri alitupigia simu akiwa amekasirika, na kusema kweli alikuwa na haki ya kukasirika. Kazi yake ni kupiga picha na video za harusi na ruracio. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ameona tangazo mtandaoni: memori kadi ya GB 256, orijino, shilingi 1,200 tu, unaletewa mpaka ulipo. Akatuma pesa kwa nambari ya simu aliyopewa. Kesho yake kadi ikafika na boda boda.

Aliiweka kwenye kamera, kamera ikaisoma vizuri. Akapiga picha kumi hivi, zote zikafunguka. Basi akaridhika, akaiweka kwenye mkoba akingoja kazi.

Kazi ikaja Jumamosi. Ruracio, watu wengi, wazee wamekaa, mbuzi wamehesabiwa, hotuba zimetolewa. Alirekodi karibu saa nne na kamera haikulalamika hata mara moja. Jumapili jioni alipofungua kompyuta ili aanze kuhariri, saa moja na dakika ishirini za kwanza zilicheza sawasawa. Kuanzia hapo, faili zilionekana kwa majina lakini hazikufunguka. Wazee wanazungumza, bibi arusi anatolewa, wimbo wa akina mama: hakuna.

"Nirudishieni pesa yangu," alituambia. "Huyo mtu ni tapeli na ameshanibloki."

Tunasimulia kisa hiki kwa ruhusa yake, bila jina lake, kwa sababu simu za aina hii tunazipokea mara kwa mara. Leo ni memori kadi, kesho ni flashi, keshokutwa ni pawabanki. Hebu tueleze wazi mambo matatu: kwa nini hatukuweza kumrudishia pesa papo hapo, kadi ya namna hiyo inadanganya vipi, na wewe ufanye nini ili yasikukute.

Kwa nini hatuwezi kurudisha pesa tu?

Wateja wengi wanajua kwamba ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi unaweza kuomba irudishwe. Hiyo ni kweli. Ulitaka kumtumia shangazi, kidole kikateleza, pesa ikaenda kwa mtu usiyemjua. Hapo ni kosa la kutuma. Ukituarifu haraka, na ikiwa pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, tunaishikilia na kufuata utaratibu wa kuirudisha.

Kununua kitu kibovu ni jambo lingine. Mteja wetu hakukosea nambari. Alitaka kumlipa yule muuzaji, akaona jina lake kwenye skrini, akaweka PIN, pesa ikafika kwa aliyekusudiwa. Kwa upande wa malipo, kila kitu kilikwenda sawa. Shida ni bidhaa, na bidhaa hatukuiona. Hatujui kadi ilikuwa ya GB ngapi, hatujui mliahidiana nini, na hatujui kama kadi mnayobishania ndiyo ile iliyoletwa.

Fikiria tungekuwa tunarudisha pesa kila mnunuzi anapolalamika. Mama mboga angeuza sukuma wiki asubuhi, mteja akapika, akala, halafu jioni akapiga simu akidai sukuma ilikuwa imenyauka. Hakuna mfanyabiashara ambaye angekubali tena kulipwa kwa simu. Ndiyo maana hatuwezi kuchukua pesa kwenye akaunti ya mtu kwa neno la upande mmoja.

Kuna jambo la pili. Malipo kwa simu ni kama kumpa mtu noti mkononi. Hufika kwa sekunde chache, na aliyepokea anaweza kwenda kwa wakala akaitoa yote kabla hujafunga mlango. Baada ya wiki tatu, akaunti ya muuzaji ilikuwa haina kitu.

Hapa ndipo kiini cha makala hii kilipo: pesa inaondoka kwa sekunde, lakini ubovu wa kadi unajitokeza baada ya wiki. Muuzaji tapeli anaishi katika muda huo wa katikati. Kazi yako kama mnunuzi ni kuufupisha muda huo, ikiwezekana uujue ubovu kabla pesa haijaondoka, na ikishindikana, siku hiyo hiyo uliyopokea.

Kadi inawezaje kudanganya?

Ndani ya memori kadi kuna vitu viwili vikubwa: sehemu inayohifadhi data, na kidude kidogo cha kuiongoza, ambacho ndicho huiambia simu au kamera, "Mimi ni kadi ya GB kadhaa." Simu yako haiendi kuhesabu yenyewe. Inaamini inachoambiwa.

Wanaotengeneza kadi bandia huchukua kadi ndogo, tuseme ya GB 16, wakabadilisha maelezo yaliyo kwenye kile kidude ili iseme ni ya GB 256. Halafu wanaichapisha namba kubwa juu na kuitia kwenye pakiti ya kuvutia. Ni sawa na makanga anayeita abiria akisema gari ina viti 33, kumbe ni matatu ya viti 14. Abiria 14 wa kwanza wanakaa vizuri, hawana neno. Wa 15 akiingia ndipo utajua ukweli. Tofauti ni kwamba katika matatu utaona watu wamesimama. Kadi haikuonyeshi. Inaendelea kusema "nafasi ipo, nafasi ipo," huku data mpya inapotea, au inaandikwa juu ya ile ya zamani.

Kamera ya mteja wetu ilikuwa ikila takriban GB 12 kwa saa moja ya video. Fanya hesabu: GB 16 zinajaa kwa saa moja na dakika ishirini. Ni pale pale video zilipokatikia. Zile picha kumi alizopiga siku ya kwanza hazikuweza kumwonyesha chochote, kwa sababu zilikaa kwenye viti vya mbele.

Kabla hujamlaumu muuzaji, kuna jambo moja la kutofautisha. Kadi halali ya GB 64 huonekana kwenye simu au kompyuta nyingi kama GB 59 na kitu. Ya GB 128 huonekana kama 119, na ya 256 kama 238. Huo si wizi. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali kompyuta nyingi huhesabu baiti 1,073,741,824. Kadi ni ile ile, vipimo ndivyo vinavyotofautiana.

Pia kuna kadi ambayo si bandia lakini haifai kifaa chako. Kadi zinazozidi GB 32, mpaka TB 2, ni za aina inayoitwa SDXC, na simu au kamera za zamani zilizotengenezewa SDHC huenda zisizisome kabisa. Na kuna suala la kasi: kadi yenye alama ya 10 ndani ya herufi C inaahidi kuandika angalau MB 10 kwa sekunde, na yenye alama ya 4 inaahidi MB 4 tu. Ukirekodi video nzito kwa kadi ya pole pole, itakatika hata kama kadi ni nzima. Kwa hivyo soma kitabu cha kifaa chako kwanza.

Kabla ya kulipa

1. Ipe bei sikio. Angalia kadi ya ukubwa huo inauzwa ngapi katika maduka matatu au manne, ya mtandaoni na ya mtaani. Ikiwa wote wako karibu karibu halafu mmoja yuko chini kabisa, jiulize anapata wapi faida. Kadi ya TB 1 kwa shilingi mia chache si ofa. Bei ya kutupa mara nyingi ni ya kitu cha kutupa.

2. Omba ulipe ukipokea, na ujaribu kwanza. Wauzaji wengi wa mtandaoni hapa Kenya hukubali mteja alipe bidhaa ikishafika. Akisema lazima utume pesa yote kwanza, muulize kwa nini. Akishikilia, tafuta mwingine. Memori kadi si kitu adimu.

3. Lipa kwa till au paybill ya biashara badala ya nambari ya mtu. Ukituma kwa nambari binafsi, rekodi inaonyesha tu kwamba mtu alimtumia mtu pesa. Inaweza kuwa mkopo, inaweza kuwa zawadi. Ukilipa kwa till, rekodi inaonyesha jina la biashara, na mwenye till amesajiliwa kama mfanyabiashara. Till haimfanyi mtu kuwa mwaminifu, lakini inamfanya awe na mahali pa kupatikana.

4. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalojitokeza kwenye skrini lifanane na la duka au la mtu unayezungumza naye. Ukurasa unasema jina la duka, lakini jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa? Simama. Uliza. Jibu kama "hiyo ni laini ya shemeji, yangu imejaa" lisikutoshe.

5. Andikishaneni. Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji ujumbe mmoja wa wazi: "Nanunua memori kadi ya GB 256, mpya, kwa Sh1,200. Ikionekana si ya ukubwa huo, nitairudisha ndani ya siku saba na unirudishie pesa. Sawa?" Mngoje ajibu "sawa". Ujumbe huo hauchukui hata dakika moja kuuandika. Ujumbe wa malipo unathibitisha kwamba ulilipa, lakini ni huu ndio unaothibitisha ulilipia nini.

6. Piga picha ya skrini ya tangazo. Matangazo hufutwa. Hifadhi yenye bei, ukubwa wa kadi, jina la ukurasa na tarehe.

Kadi ikishafika: ijaribu siku hiyo hiyo

Tunajua jamaa wa boda boda yuko mlangoni na injini inanguruma. Hata hivyo chukua dakika mbili. Angalia pakiti kama imefunguliwa. Soma maandishi: makosa ya tahajia kwenye pakiti, rangi iliyofifia, au maandishi ya kadi yanayofutika ukiyasugua kwa kidole ni dalili mbaya. Hakikisha ukubwa ulioandikwa kwenye kadi ndio ule ule ulio kwenye pakiti.

Lakini usidanganyike: bandia nyingi zimechapwa vizuri sana, na kuangalia kwa macho hakutoshi. Kuiweka kwenye simu na kuona "GB 238" pia hakutoshi, kwa sababu hapo ni kadi inajisemea yenyewe. Njia ya uhakika ni moja: ijaze, halafu usome ulichoweka.

*Kama una kompyuta*, au una rafiki mwenye saiba mtaani, kuna programu za bure za kazi hii. Kwa Windows, H2testw imetumika kwa miaka mingi. Kwa Linux na Mac kuna F3. Programu hizi huijaza kadi kwa data, kisha huisoma yote tena na kukuambia ni GB ngapi zilizo za kweli. Fanya hivyo kadi ikiwa tupu, kabla hujaweka kitu cha maana ndani.

Itachukua muda. Kadi ya GB 64 inayoandika MB 20 kwa sekunde hujaa kwa karibu dakika 53, na ya GB 256 kwa kasi hiyo huchukua zaidi ya saa tatu na nusu, kisha kuna muda wa kusoma. Iache usiku, ulale, asubuhi utapata jibu.

*Kama una simu tu*, fanya hivi:

- Chukua video ndefu iliyo kwenye simu na uinakili kwenye kadi. Usiihamishe, inakili.
- Rudia, kila nakala ikiwa na jina lake: 1, 2, 3, na kuendelea, mpaka kadi ikaribie kujaa.
- Toa kadi kwenye simu, kisha uirudishe. Hatua hii usiiruke, kwa maana simu inaweza kukuonyesha nakala iliyo kwenye kumbukumbu yake yenyewe.
- Fungua video ya kwanza, za katikati, na za mwisho, na usogeze kila moja mpaka mwisho. Zote zikicheza, una kadi nzuri. Zikianza kugoma kuanzia nambari fulani, umejua ukubwa wake wa kweli.

Chukua video fupi ya jaribio hilo, ukionyesha kadi, pakiti na kinachotokea. Kama ni mbovu, huo ndio ushahidi wako.

Imekuchezea. Sasa?

Acha kuitumia. Usiifomati na usiendelee kurekodi juu yake. Nakili mara moja faili zote zinazofunguka. Kama kadi ni halali na imeharibika tu, programu za kuokoa faili kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, zinaweza kukusaidia. Lakini kama ni bandia, tuwe wakweli: kilichorekodiwa kupita ukubwa wake wa kweli mara nyingi hakikuhifadhiwa popote. Mtu akikuambia mpe shilingi elfu tano akurudishie, mwambie akuonyeshe kwanza faili moja inayocheza.

Mwandikie muuzaji mara moja, kwa heshima na kwa wazi. Mpe tarehe, nambari ya muamala, tatizo, video ya jaribio, na unachotaka: kadi nyingine au pesa. Mpe siku, kwa mfano "kufikia Ijumaa". Usianze na matusi. Wauzaji wengine nao wameuziwa boksi zima la kadi bandia na hawajui. Muuzaji mwaminifu atakujibu. Na kama alipokea kwa till, anaweza kukurudishia pesa kutoka upande wake.

Kama ulinunua kupitia soko la mtandaoni lenye wauzaji wengi, fungua malalamiko ndani ya soko lenyewe na ufuate muda wao wa kurudisha bidhaa. Muda huo huanza kuhesabiwa unapopokea, si unapogundua. Ndiyo maana tunasisitiza kujaribu siku ya kwanza.

Tupigie. Kurudisha pesa hatuwezi kukuahidi, lakini kuna tunayoweza. Tunakupa taarifa ya muamala iliyothibitishwa. Tunaandikisha malalamiko dhidi ya nambari hiyo, na nambari inayolalamikiwa na watu wengi tunaichunguza. Kitu ambacho hatukupi ni kitambulisho au makazi ya aliyepokea, kwa sababu sheria inalinda taarifa zake kama inavyolinda zako. Polisi wakifuata utaratibu wa kisheria, tunawapa wao.

Jua sheria iko upande wako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Kadi iliyoandikwa 256 na ndani ni 16 hailingani, bila mjadala.

Mahali pa kupeleka malalamiko ni hapa:

- Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, kwa muuzaji aliyetoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa.
- Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, kama kadi ina jina la kampuni ambayo haikuitengeneza.
- Kituo cha polisi, kama ni utapeli wa wazi. Hakikisha umepewa nambari ya OB.
- Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa kadi ya shilingi 1,200 huenda usione haja. Kwa mpiga picha aliyepoteza kazi ya maelfu, au mtu aliyenunua kadi hamsini za kuuza, inafaa kufikiriwa.

Jihadhari na tapeli wa pili

Watu wengi wanaumia hapa mara ya pili. Ukiandika mtandaoni kwamba umetapeliwa, usishangae mtu akikupigia baada ya dakika chache: "Habari yako mama, tunapiga kutoka huduma kwa wateja, tumeona malalamiko yako, tunataka kukurudishia pesa." Kisha anakuomba PIN, au anakwambia ubonyeze namba fulani "ili kupokea", au utume ada kidogo kwanza ndipo pesa ifunguke.

Sisi hatuulizi PIN. Hata siku moja. Kupokea pesa hakuhitaji PIN yako, na kurudishiwa pesa hakulipiwi ada kwa nambari ya mtu.

Ujanja mwingine: muuzaji anakutumia ujumbe unaofanana na wetu ukisema umepokea Sh1,200, kisha anasema, "Si umeona nimekurudishia? Basi rudisha kadi na ufute ile posti." Usisome ujumbe, angalia salio. Salio halidanganyi.

Neno kwa wauzaji

Kama unauza memori kadi na flashi, nawe ni mteja wetu na tunajua unaweza kuumia vile vile. Toa kadi moja au mbili katika kila boksi jipya na uzijaribu kabla ya kuuza. Ziwe mbovu, lirudishe boksi likiwa bado na karatasi yake. Andika ukubwa wa kadi kwenye risiti. Na weka muda wa kurudisha unaoeleweka. Muuzaji anayesema "jaribu nyumbani, ikikataa rudisha ndani ya siku saba" anapata wateja wanaorudi na wenzao.

Maswali tunayoulizwa sana

*Nikisema nilituma pesa kwa makosa, si mtairudisha?*
Tafadhali usifanye hivyo. Kudai kosa ambalo halikuwepo ni udanganyifu, na mpokeaji akitoa mazungumzo yenu, malalamiko yako ya haki yataonekana ya uongo.

*Nilifuta ujumbe wa malipo. Nimepoteza ushahidi?*
La. Rekodi iko kwetu. Omba taarifa ya akaunti kwenye programu yetu au kwa huduma kwa wateja, ukitaja tarehe na kiasi.

*Muuzaji amenibloki. Nifanyeje?*
Usifute mazungumzo. Yahifadhi kwa picha za skrini, pamoja na nambari yake na tarehe, kisha upeleke malalamiko.

*Kadi bandia ina kazi yoyote?*
Kama jaribio limeonyesha GB 16 ni za kweli, inawezekana kubeba nyimbo chache. Lakini kwa picha za watoto au kazi ya mteja, usiiamini.

Na yule mteja wetu wa Nyeri?

Bahati yake, hakuwa amefuta mazungumzo. Ndani yake muuzaji alikuwa ameandika mwenyewe: "256 orijino, garantii mwezi mmoja." Tulimpa taarifa ya muamala yenye jina la mpokeaji. Akatumia laini nyingine kumwandikia muuzaji, akamwekea picha za mazungumzo, video ya jaribio, na jina lake kamili, akamwambia hatua inayofuata ni polisi. Siku ya tano alipokea shilingi 1,000. Mia mbili, muuzaji alisema, zilikuwa za boda boda.

Ruracio haikurudi. Alikwenda kwa ile familia mwenyewe, akawaeleza, akawarudishia pesa yao yote, na akakusanya video fupi fupi kutoka kwa simu za wageni ili wawe na kitu. Kadi ya shilingi 1,200 ilimgharimu kazi nzima, na wiki kadhaa za kuona aibu akipita mtaa huo.

Siku hizi kila kadi mpya anaiacha kwenye kompyuta usiku kucha. Ikipita, anaiandika tarehe kwa kalamu ya rangi ndipo inaingia kwenye mkoba. Nawe kama una kadi mpya nyumbani ambayo hujaijaribu, ianzishie jaribio usiku wa leo, kabla muda wako wa kuirudisha haujaisha.

Una swali au kisa kama hiki? Tuandikie kupitia sehemu ya msaada ndani ya programu yetu. Tutakujibu, na PIN yako hatutaiuliza.